Ijumaa za Persis

Mtu anayejulikana yuko Tunisia akitokea ghafla kwenye kituo cha kuuzia majani chai pale Manga, mchana kweupe, juu ya boda boda, na begi la raketi mgongoni, hakuna anayedhani kaleta habari njema. Wanawake waliokuwa kwenye foleni ya mizani waligeuka wote kutazama. Damaris, mke wa Mwalimu Machogu, alikuwa ameinamia kikapu chake akichambua majani magumu ili karani asimrudishie. Alipoinua kichwa na kumwona binti yake Persis akishuka kwenye pikipiki, hakusalimu. Aliuliza nani amekufa.

"Hakuna aliyekufa, Mama," Persis alisema. "Twende nyumbani."

Wenzake Damaris walimwambia aache kikapu, watampimia. Basi mama na mwana wakakipanda kilima, na njiani Persis akaeleza kwa maneno machache, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kulia ndegeni akamaliza. Amesimamishwa. Aliitwa ofisini katikati ya mashindano, bado jasho halijamkauka, akaambiwa aweke raketi chini, na kwamba haruhusiwi kuingia uwanja wowote wa mashindano duniani hadi uchunguzi uishe. Eti kuna kamari. Eti kila akifika robo fainali, ambayo huchezwa Ijumaa, kuna mtu Kenya, tena upande huu wa Kisii, anayeweka pesa kwamba Persis Mong'ina atashindwa. Na Persis Mong'ina anashindwa kweli.

"Sasa kamari yao inakuhusu nini?" Damaris aliuliza. "Si ni dhambi yao wenyewe?"

Na msomaji naye ana haki ya kuuliza, kwa hiyo aelezwe mapema. Persis hakuwa mchezaji wa kuonyeshwa kwenye televisheni. Alikuwa katika nafasi ya mia sita na kitu duniani, huko ambako mtu hufua nguo zake kwenye sinki la hoteli na kuwafungia wenzake nyuzi za raketi ili apate chakula cha jioni. Katika mashindano hayo madogo robo fainali ni Ijumaa na nusu fainali ni Jumamosi, na kwa kanisa lao Jumamosi ni Sabato, siku ya ibada tu, inayoanza Ijumaa jua likitua. Mwaka mmoja alishinda Ijumaa, kisha Jumamosi akakataa kuingia uwanjani. Wenye mashindano wakamtoza faini, wachezaji wenzake wakamnunia, na hoteli moja ya mjini Kisii iliyokuwa ikimlipia nauli ikasema haiwezi kumfadhili mtu anayesusia mechi. Alipolia kwenye simu, mama yake ndiye aliyempa dawa. Kwa nini usumbuke hivi, mwanangu? Si afadhali usifike huko Jumamosi? Kushindwa si dhambi.

Tangu siku hiyo, kila alipofuzu Alhamisi, Persis alimpigia mama yake simu na kumwambia, kesho naachilia. Damaris alikuwa akipiga magoti papo hapo, hata kama yuko shambani, akimshukuru Mungu kwa mtoto mwaminifu. Kesho yake mipira iliishia kwenye wavu, mmoja baada ya mwingine, na pointi zikaenda kwa mpinzani.

"Wananiuliza nani alikuwa anajua," Persis alisema. Walikuwa wamesimama karibu na mgomba wa jirani. "Mimi nilimwambia mtu mmoja, na ni wewe. Wewe ulimwambia nani?"

Damaris alifikiri kwa uaminifu wote. Hakuwaambia akina mama wa Dorkasi, kile chama chao cha kanisani. Hakumwambia mchungaji. Hata kwenye shuhuda za Jumatano alisema tu kwamba binti yake anaitunza Sabato ugenini, na watu wakasema Amina.

"Sikumwambia mtu," alisema, na hakuwa anadanganya. Mume wake hakumhesabu. Mwanamke wa Manga akilala na jambo kitanda kimoja na mumewe, haoni kama amemwambia mtu.

*

Lawama haikai hewani, lazima impate mtu, na nyumbani kwa Machogu ilimpata Jasper.

Jasper ni mtoto wa kwanza, na ana kibanda cha kutengeneza simu pale Birongo. Kwamba hucheza kamari ya mpira wa miguu, hilo halikuwa siri. Nani wa umri wake hachezi? Jioni ile alifika mbio kwa pikipiki, ana mkate na maziwa, kwa sababu alikuwa amesikia dada yake karudi na hakutaka akute nyumba haina kitu. Damaris hakumngoja hata avue kofia. Alinyoosha mkono, akamwambia alete simu.

Jasper alimpa huku akicheka. Alidhani mama anataka tochi. Alipoambiwa afungue mahali pa kamari, kicheko kikamkauka. Akafungua. Damaris akasogeza kidole juu na chini, akaona pesa, akaona majina, akamwekea mwanawe simu karibu na pua.

"Na hii ni nini?"

"Hiyo ni Arsenal, Mama."

"Dada yako yuko wapi hapa?"

"Hayuko. Hapo ni mpira wa miguu tu. Mimi hata hesabu ya tenisi siijui."

Lakini mtu akishaamua, ukweli humwongezea hasira tu. Damaris alimwita mwanawe muuzaji wa dada. Alimwambia kwamba tamaa ndiyo iliyomfanya asioe mpaka leo, jambo ambalo halikuwa na uhusiano wowote na tenisi, na alilisema kwa nguvu hadi majirani wakatulia kusikiliza. Jasper alimtazama Persis amsaidie. Persis alikuwa anatazama sakafu. Na yeye alitaka awe Jasper, tusidanganyane. Ingekuwa rahisi.

Basi Jasper akamgeukia baba yake. Mwalimu Machogu alikuwa kwenye kiti chake cha siku zote, mwalimu mstaafu, mzee wa kanisa, shati limefungwa vifungo mpaka shingoni.

"Tata, waambie. Wewe unanijua."

Machogu alikohoa. Akasema ni vizuri waombe kwanza. Akasimama, akaomba kwa muda mrefu, kwa kile Kiswahili chake cha mimbarini, kwamba lililofichika lifunuliwe na anayeonewa atetewe. Jasper hakufumba macho. Aliposikia Amina alichukua simu yake, akaweka mkate mezani, akatoka. Pikipiki ilisikika ikishuka kilima chote mpaka barabarani, na hakuna aliyesema arudi.

*

Siku zilizofuata zilikuwa za aibu ndogo ndogo, zile zinazomla mtu bila kumuua. Habari ilikuwa imeshaingia kwenye simu za watu. Karani wa majani chai alimuuliza Damaris, kwa upole ambao ulikuwa mbaya kuliko matusi, kama ni kweli mtoto amefungiwa. Vijana wa boda boda pale stejini walimwita Persis akipita, wakamuuliza Ijumaa hii waweke wapi. Walicheka, na mmoja wao, aliyesoma naye darasa moja, akacheka kuliko wote.

Persis alikaa chumbani mwake akinyoosha miguu ukutani. Alikuwa na miaka ishirini na sita. Katika mchezo ule, mtu wa umri huo aliye kwenye nafasi yake ana miaka michache tu ya miguu, kisha basi. Alimweleza mama yake wazi: wakimpata na hatia anaweza kufungiwa miaka, anaweza kufungiwa maisha. Wakimwona hana hatia, wiki mbili tu na atakuwa amerudi uwanjani. Hakuwa na kazi nyingine. Hakuwahi kutaka nyingine. Damaris alisikiliza haya, akaenda jikoni, akalia hadi moto ukazimika.

*

Mpelelezi alikuja Jumatatu. Alikuwa mwanamke wa kutoka Nairobi, mwenye adabu zake, aliyetumwa na wale wanaolinda mchezo wa tenisi dhidi ya kamari. Gari lilikwama kwenye matope kule chini, kwa hiyo alipanda kwa miguu, na viatu vyake vizuri vikafika vikiwa vimeharibika. Damaris aliona viatu vile akaona haya, utadhani yeye ndiye aliyenyesha mvua. Aliandaa chai ya maziwa, mayai na ndizi za kuchemsha. Mgeni alisema ahsante, lakini akiwa kazini haruhusiwi kupokea kitu. Chai ikamiminwa hata hivyo, ikakaa mbele yake.

Kwa sababu ya mgeni ilibidi waongee Kiswahili. Persis na baba yake hawakuwa na shida. Damaris alikitumia kama anavyotumia vikombe vya wageni, kwa nadra na kwa uangalifu.

Mpelelezi hakuzunguka. Alisema kamari zote zile zilitoka kwenye laini moja. Hakuitaja kampuni, alitaja nambari tu, tarakimu moja moja, akisoma kwenye kompyuta yake, kisha akauliza kama kuna anayeifahamu.

Damaris hajui kompyuta, lakini nambari ile aliijua. Ndiyo anayopiga kila siku akiwa shambani kuuliza kama ng'ombe amekunywa maji. Alicheka kidogo. Alidhani ni makosa ya watu wa Nairobi, wanaochanganya mambo hata ya vyeti vya kuzaliwa. Akamtazama mumewe ili wacheke pamoja.

"Ni yangu," Machogu alisema.

Damaris alisikia kuku wakiparua nje. Aliona mdomo wa mumewe ukiendelea kusema, na kwa muda maneno hayakumwingia, alikuwa anaangalia tu vile vifungo vya shati vilivyofika shingoni. Maneno yalipoanza kumfikia, Machogu alikuwa amewageukia wao wawili, anaeleza kwa Kikisii, asichokijua mgeni, kuhusu majani chai. Kwamba bonasi ilianguka mwaka ule hoteli ilipojitoa. Kwamba pensheni ya mwalimu haimpandishi mtu ndege. Kwamba Alhamisi moja mke wake alimwambia kwa furaha, mtoto hatacheza Sabato, kesho anaachilia. Yeye akalala macho.

"Nilijiuliza jambo moja," alisema. "Kama anashindwa hata hivyo, kuna ubaya gani kushindwa kwake kumlishe mwenyewe?"

Damaris alimgeukia. Akasahau kabisa kwamba kuna mgeni, akamuuliza naye kwa Kikisii jambo la kwanza lililomjia.

"Ulitoa zaka kwa pesa hiyo?"

"Nilitoa. Yote kamili." Kisha akaongeza, na lo, alikuwa anamaanisha, "Na sikuwahi kucheza baada ya jua kutua. Kila kitu nilimaliza Ijumaa mchana."

Sasa Persis alianza kuuliza, taratibu, akiwa kama mtu anayehesabiwa majeruhi. Tiketi ya Tunisia? Baba yake akaitikia kwa kichwa. Viatu? Akaitikia. Yule daktari wa bega? Wakati wote huo alikuwa ameambiwa ni bonasi, ni majani, ni ndizi, ni ndama aliyeuzwa. Akauliza kuhusu ndama. Machogu alisema hakukuwa na ndama. Persis akaacha kuuliza.

"Na ulimwacha Jasper," Damaris alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Ulisimama hapa ukaomba."

Simu ya mpelelezi ikaita, na kwa vile ndani netiweki ni ya kubahatisha, aliomba radhi akatoka kwenda kuongelea karibu na zizi.

*

Ndipo Machogu aliposogeza kiti. Aliongea haraka, na alichokisema kilikuwa na akili, hilo lazima tumpe.

Alisema yeye ameshaanguka na hainuki. Atavuliwa uzee wa kanisa, na ni haki yake. Lakini Persis si lazima aanguke naye. Hakuna kanda wala ushahidi unaoonyesha moyo wa mtu. Mchezaji akipiga mpira wavuni, nani anaweza kuapa kwamba alitaka? Persis aseme alipambana. Aseme Ijumaa huwa amechoka. Yeye baba atasema alibahatisha tu, kwa kuwa anamjua mwanawe na uchovu wake. Pesa alizomtumia zilikuwa za mzazi kwa mtoto, na mtoto hakujua zimetoka wapi, jambo ambalo ni kweli tupu.

"Anayejua lile lingine ni mimi na nyinyi wawili," alisema. Kisha akamtazama mke wake. "Mama Jasper, wewe hujui tenisi. Ukiulizwa, sema hivyo. Kaa kimya tu."

Persis alikuwa akimchukia baba yake kuliko alivyowahi kumchukia mtu yeyote, na hapo hapo alikuwa akiona mlango. Kurudi uwanjani katika wiki mbili. Alimshika mama yake mkono.

"Mama, tafadhali."

Damaris hakusema ndiyo, hakusema hapana. Alikuwa bado anamwona Jasper akiweka mkate mezani. Mumewe na bintiye wakachukua kunyamaza kwake kuwa kukubali, kwa maana ndivyo walivyozoea.

Mpelelezi alirudi, akafuta viatu vyake mlangoni ingawa haikusaidia kitu, akaketi. Alimuuliza Persis moja kwa moja, kwenye zile mechi za Ijumaa, ulicheza kwa uwezo wako wote?

"Nilipambana," Persis alisema. Alimtazama machoni. "Ijumaa mwili unakuwa umeisha. Lakini nilipambana."

Mpelelezi aliitikia kwa kichwa, na kila mtu mezani pale aliona kwamba alitaka kuamini. Hakuwa mtu mbaya. Alisema hilo litamsaidia sana, kwa sababu bila ushahidi mwingine ni vigumu kwa jopo kusema mtu alishindwa kwa makusudi. Kilichobaki ni pesa. Laini iliyocheza kamari ndiyo iliyomtumia Persis pesa, kila baada ya kushindwa, na yeye mpelelezi ni lazima aripoti hivyo. Aliona Damaris amekunja uso kama asiyefuata, akaona amfafanulie, maskini, kwa heshima.

"Kwa lugha rahisi, Mama, kuna wengine watasema binti yako aliuza mechi akala pesa. Yaani ni mwizi. Mimi sisemi hivyo. Lakini watasema."

Damaris aliweka kikombe chini.

Neno hilo Manga halisemwi kwa utani. Watu wamechomwa moto kwa ajili yake, na anayepona hubaki nalo, yeye na watoto wake. Damaris angeweza kuvumilia binti yake aitwe mvivu, aitwe mchovu, aitwe mtu asiyejua kucheza. Mwizi, hapana. Tena alikuwa na ukweli mzima wa kumwosha nao, umejaa kifuani, na alikuwa anaambiwa aumeze. Katika akili yake mambo yalikuwa wazi kabisa. Mtoto akitumwa na mzazi, anayejibu ni mzazi. Hivyo ndivyo alivyolelewa, na kila kesi aliyoisikia ikikatwa kijijini ilikatwa hivyo. Aliyetuma ndiye anayesimama.

Akasimama.

"Huyu si mwizi," alisema kwa Kiswahili chake. "Mimi ndio nilimwambia apige hiyo mpira kwa neti."

"Mama Jasper," Machogu alisema.

"Wewe nyamaza. Wewe umenyamaza ya kutosha." Akamgeukia mgeni. "Huyu mtoto alikuwa anaweza kushinda. Kila Alhamisi alikuwa ananipigia, ananiambia, Mama, kesho naachilia. Juu ya Sabato. Si juu ya pesa. Pesa hajawahi jua. Mimi ndio nilimtuma, na yeye akatii. Andika hapo ni mimi."

Mpelelezi hakuandika. Vidole vyake vilikuwa juu ya kompyuta na havikusogea. Aliuliza kwa sauti ya chini kabisa, sauti ya mtu anayetamani kujibiwa vingine.

"Mama, rudia polepole. Alikuwa anaachilia kwa makusudi?"

"Kwa makusudi kabisa," Damaris alisema, na alikuwa na fahari. "Ni mtoto wa kutii."

Alibaki amesimama, akisubiri uso wa mgeni ulegee, akisubiri kuambiwa basi, Mama, tumeelewa, ni kosa letu. Alikuwa bado anatabasamu alipoona kwamba Machogu amejifunika uso kwa mikono miwili. Akamtazama Persis. Persis alikuwa amefumba macho, na midomo yake ilikuwa imekuwa myeupe.

Hakuna aliyetaka kumweleza. Mwishowe ni mgeni aliyelazimika. Alimwambia kwamba kwenye mchezo huu kosa kubwa ni kushindwa kwa kutaka. Uwe ulipewa pesa, uwe hukupewa. Uwe ulitumwa, uwe ulijituma.

"Hata kama ni kwa ajili ya Mungu?" Damaris aliuliza.

"Hata hivyo, Mama."

Damaris aliketi. Mgeni, ambaye alikataa kila kitu tangu afike, alichukua ile chai iliyopoa akainywa yote, labda kwa kukosa jambo jingine la kumfanyia.

*

Jopo lilikaa, likaamua. Kuhusu wizi, Persis alioshwa kabisa, kama mama yake alivyotaka. Walisema wazi kwamba hakuuza mechi wala hakujua kuhusu kamari. Kuhusu kushindwa kwa makusudi, miaka minane. Persis aliusoma uamuzi mwenyewe kwenye simu akiwa amesimama uani, akawaambia kwa sauti ya kawaida, kisha akaingia ndani akalala mchana ule na kesho yake.

Machogu alivuliwa uzee wa kanisa. Akawa anakaa viti vya nyuma, karibu na mlango, na hakuna aliyekaa naye. Damaris alishuka mpaka Birongo kumwomba Jasper msamaha. Alimkuta kibandani amefungua simu ya mteja, bisibisi mdomoni. Jasper alimvutia kiti, akamtuma mtu alete soda, akasema kwake hana kinyongo. Kuhusu baba yake alisema tu kwamba yuko na kazi nyingi, hataweza kuja nyumbani hivi karibuni. Mama akanywa soda yake, akaondoka.

Lakini lililomshangaza Damaris kuliko yote lilikuwa kanisani. Walimpenda. Akina mama walimkumbatia, wakamwambia amezaa Danieli wa kike, mtoto aliyeuacha ulimwengu kwa ajili ya Sabato. Walimpa nafasi ya ushuhuda. Alisimama mbele na kitambaa chake kichwani, akawatazama, akaona wote wametabasamu wakisubiri, na hakuna neno lililotoka. Wakadhani ni Roho. Wakaimba. Yeye alirudi kitini akiwa amepoa mwili mzima, kwa sababu alikuwa ameelewa kwamba hawa nao wangemwambia mtoto vile vile alivyomwambia yeye, na wangelala usingizi.

Jumamosi iliyofuata aliamka, akaoga, akavaa gauni jeupe na viatu vyeupe. Machogu alikuwa ameshatangulia. Damaris alipoenda kumwamsha Persis alikuta kitanda kimetandikwa na begi la raketi halipo. Kutoka upande wa shule ya msingi kulikuwa na mlio wa kitu kinachogonga ukuta, kinaacha, kinagonga. Alijua ni nini. Alijua pia ni siku gani. Alitoka kwenda kumzuia, hilo ndilo alilokusudia kabisa.

Persis alikuwa peke yake nyuma ya madarasa, akiupiga mpira kwenye ukuta wa darasa la mwisho. Nyasi zilikuwa na umande, na suruali yake ililowa hadi magotini. Damaris alisimama pembeni na maneno yake tayari. Alikuwa amemwombea mtoto huyu katika kila mechi, lakini hakuwa amewahi kumwona akicheza. Hakujua kwamba anakimbia vile. Hakujua kwamba mpira unaweza kupigwa kwa nguvu zile na bado ukarudi pale pale mtu anapoutaka, tena na tena, kana kwamba ukuta unamtii. Maneno yakampotea. Alisimama mpaka Persis akamwona.

Persis hakusema shikamoo wala hakuacha. Alipiga mipira mingine kadhaa kwanza.

"Yule wa Ijumaa ya mwisho," Damaris alisema. "Ungemshinda?"

Persis aliudaka mpira kwa mkono. Alifikiri, kwa sababu lilikuwa swali la kweli na alitaka kulijibu kwa haki.

"Ningemshinda."

"Na wale wengine?"

"Karibu wote, Mama."

Damaris alitikisa kichwa kama mtu aliyeambiwa bei. Alitaka kuuliza ni wangapi, akaona hataweza kulibeba jibu. Persis akageukia ukuta akaanza tena, na mipira mitatu ikaruka, ikapotelea kwenye nyasi ndefu karibu na choo cha wavulana. Kanisani walikuwa wameanza wimbo wa kwanza. Damaris alivua viatu vyake vyeupe, akaviweka kwenye ngazi ya darasa, akaenda kumwokotea mipira.